Soda za Baridi Msibani

Mgomba hukatwa ukishazaa. Hilo hata mtoto wa Mwaya anayejifunza kutembea analijua. Kwa hiyo siku Hezroni alipotoka nyumbani kwake na panga, akaanza kufyeka migomba ambayo haijatoa hata ua, tena migomba aliyoachiwa na marehemu baba yake, watu walisimama njiani na majembe begani wakamtazama. Hakuna aliyemsemesha. Mwaya mtu akisemwa usoni ajue bado anapendwa. Akinyamaziwa, ajiangalie.

Hezroni alikuwa anatafuta jua. Nyumba za huko zimezama ndani ya migomba na mikokoa, mpaka mgeni anaweza kupita hatua chache kutoka mlangoni kwako asijue kuna watu. Kivuli ni kizuri, nani asiyekitaka kwenye joto la Kyela? Lakini Hezroni alikuwa na gari lililokuwa likila jua, na gari lile halikutaka kivuli hata cha jani moja.

Lilikuwa Kombi la Wazungu, mke na mume, waliokuwa wakizunguka Afrika wakilala humo humo. Injini iliwafia Kasumulu, hatua chache kabla ya daraja. Walikaa mpakani wakiwapigia simu watu wa kwao, wakachoka, wakapanda basi kuingia Malawi na mabegi mgongoni. Hezroni ndiyo kwanza alikuwa amerudi nyumbani kutoka Mbeya, fundi umeme wa shirika la umma lililouzwa, amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wote wa karakana. Kile alichopewa cha kumfuta machozi alikitumia kulipata lile gari bovu, akalivuta kwa trekta hadi Mwaya. Watu walicheka wakashika mbavu. Wenzake waliopunguzwa walinunua mashine za kukoboa mpunga au walifungua duka la mitumba. Yeye alinunua kitanda chenye magurudumu.

Hawakujua alichokiona ndani. Chini ya kitanda, karibu na mlango, palikuwa na friji ndogo ya kutumia betri ya gari.

Mkewe, Tusekile, alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kuchomwa sindano asubuhi na jioni. Dawa ilitoka Mbeya, chupa ndogo ndogo za insulini, na dawa hiyo haitaki joto. Miaka yote waliihifadhi kwenye chungu kilichofukiwa katika mchanga wenye maji, kama walivyofundishwa hospitali. Miezi ya baridi chungu kilifanya kazi yake vizuri. Ilipofika Novemba, hata ziwa lenyewe linapokuwa vuguvugu, dawa ilianza kulegea, na Tusekile alikonda, akanywa maji bila kukata kiu, mpaka Hezroni akawa anahesabu mara anazoamka kwenda nje.

Jambo hilo walilijua wao wawili na binti yao Kisa, aliyekuwa sekondari ya bweni. Kwa nini wafiche? Miaka ile mwanamke akikonda, tena akionekana na sindano, watu hawakuuliza mara mbili. Ugonjwa ule mwingine ulikuwa umeshaingia na malori ya mpakani, na karibu kila nyumba ilikuwa imezika mtu. Tusekile aliwaambia wanawake wenzake wa kwaya kwamba ana vidonda vya tumbo, ndiyo maana hagusi soda wala pombe. Walimwitikia pole, mama. Kama waliamini au hawakuamini, ni juu yao.

Basi Hezroni alifanya kazi ile kwa moyo wote, na lazima isemwe kwamba alikuwa fundi kwelikweli. Paneli mbili za sola alimwagiza Muksini, mwenye duka la vipuri Kyela mjini, mtu wa asili ya Kilwa ambaye babu yake alifika huku akifuata biashara na hakuondoka tena. Mizigo ya nje ilikuwa imeshafunguliwa, ukiwa na mtu Dar unapata chochote. Zilipofika, Hezroni hakuzilaza moja kwa moja juu ya bati la gari. Aliziinua kwa vipande vya mbao ili upepo upite chini, maana paneli ikichemka inazembea. Akaziinamisha kidogo kuelekea kaskazini.

Muksini alikuja kuona, akasimama na kofia yake akicheka. "Fundi, sisi tunahangaika kuwasilimisha watu, kumbe bati lako limeshaijua Kibla."

"Linafuata jua, Muksini, halifuati mtu," Hezroni alijibu kutoka juu ya paa.

Betri mbili za lori aliziweka kwenye sanduku lake, akalitobolea tundu la kutolea harufu ya tindikali, kwa sababu ndani ya gari watu hulala. Akafunga fyuzi kila mahali panapostahili fyuzi, na kile kisanduku kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala isinyonywe hadi ikafa. Waya mmoja kwa taa, mmoja kwa redio, ule mnene kuliko yote kwa friji. Kisha akaja kwenye kazi iliyokuwa muhimu kuliko zote, kitufe cha kuzungusha, kile kinachoongeza na kupunguza baridi.

Sista Veronika, muuguzi wa hospitali walikokuwa wakienda kupimwa, alikuwa amemkanya. "Joto linaichosha hii dawa, lakini barafu inaiua. Ikiganda hata mara moja, tupa. Usingoje iyeyuke."

Ndani ya friji ile, nyuma kabisa, palikuwa na bamba la chuma ambalo huota barafu. Hezroni aliacha glasi ya maji humo siku nyingi, akizungusha kitufe kidogo kidogo, mpaka akapata mahali ambapo maji yanakuwa baridi lakini hayagandi. Hapo akatia alama ya rangi nyekundu. Chupa za Tusekile akazifunga kwa kipande cha kanga, akaziweka mbele, rafu ya chini, mbali na lile bamba. Novemba ikaja ikapita. Tusekile akanenepa. Mashavu yakarudi, akaanza tena kuimba sauti ya kwanza, na Hezroni akimtazama kanisani alijiona mwanamume kuliko wanaume wote wa Mwaya.

Lakini ile migomba haikusahauliwa. Na huku kuna jambo moja ambalo watu hawalisemi mbele ya mchungaji ingawa hata mchungaji analijua. Majirani wakikunung'unikia kwa pamoja, pumzi zao hukufikia. Zinakuja kama ubaridi, zinaingia nyumbani kwako, na anayeugua si wewe uliyekosa, ni yule unayempenda. Hezroni alikuwa na cheti cha umeme na kadi ya kanisa, na alisema haamini. Hata hivyo kila alipokutana na kimya cha watu njiani alirudi nyumbani akamgusa mkewe paji la uso.

Ndipo akafa baba yake Nsajigwa, jirani wa upande wa mtoni. Mzee mkubwa, ng'ombe wengi, watoto wametapakaa mpaka Dar. Msiba wa mtu kama huyo hauishi kwa siku moja, na mtu haendi mikono mitupu. Mwenye sufuria analeta sufuria, mwenye kuni analeta kuni. Nsajigwa alifika kwa Hezroni asubuhi na kundi la wanaume.

"Ugonile, kaka," alisalimia. "Umesikia yaliyotupata. Tuna wakwe wanatoka Dar, tuna kwaya, na nyumba haina taa. Tumekuja kuomba gari lako."

Hezroni alitazama zile nyuso. Wengine walikuwa walewale waliosimama na majembe siku ya migomba. Safari hii walikuwa wanamsemesha, na nafuu aliyoipata haielezeki. Ukikataa msiba Mwaya, umekataa watu wote, na pumzi za watu wote unazitafuta mwenyewe.

"Gari ni lenu," alisema. "Tusukume."

Tusekile alimvuta nyuma ya jiko. "Baba Kisa, toa chupa zangu kwanza. Tuzirudishe kwenye chungu."

"Chungu kimekauka tangu mwaka jana. Na ua umejaa watu, Mama Kisa. Nikitoka na chupa na sindano mikononi, kesho utaimba na nani?"

"Niimbe nisiimbe, toa chupa."

"Nitakuwa nalo mwenyewe mchana kutwa. Kitufe nimekitia alama. Kule ni salama kuliko hapa."

Tusekile alimtazama, akafunga kanga yake vizuri, akaenda kutafuta beseni la kupeleka msibani. Hakuwa mwanamke wa kurudia neno.

Walilisukuma Kombi wakiimba, wanaume zaidi ya kumi, huku wengine wakifyeka matawi ya mikokoa njiani ili paneli zisikwaruzwe. Jioni taa zikawaka uani kwa marehemu na wazee wakapiga makofi. Kwaya ikasikika mpaka ng'ambo ya mto. Watu walikuja kumshika Hezroni mkono, ndaga, ndaga fijo, asante sana, na yeye alisema si kitu, si kitu, huku amevimba kama andazi. Tusiseme uongo, alifurahi. Alifurahi katika msiba wa watu.

Siku iliyofuata wakwe wa Dar walifika na joto likawashukia. Nsajigwa akanunua makreti ya soda Ipinda, akamjia Hezroni pale alipokaa na wanaume.

"Kaka, nasikia humo ndani mna friji. Wageni wanaungua. Nipe ufunguo nitie soda kidogo."

Hapa ndipo pa kusema. Palikuwa na nafasi kabisa. Neno moja tu, Nsajigwa, humo mna dawa ya mke wangu, na Nsajigwa, ambaye hakuwa mtu mbaya, angechukua soda zake akazitia kisimani kama watu walivyofanya tangu zamani. Lakini wanaume walikuwa wamegeuka kusikiliza. Dawa gani? Ya nini? Mbona tunaambiwa ni vidonda vya tumbo?

"Ngoja nikapangue vitu vyangu," alisema Hezroni.

Aliingia kwenye gari, akafunga pazia. Kile kifurushi cha kanga kilikuwa mbele, mtu wa kwanza kuingiza mkono angekigusa. Akakichukua, akakisukuma nyuma kabisa, pembeni, akakibana kwenye lile bamba la chuma, akaweka mbele yake bati kuukuu la majani ya chai. Baridi ilimng'ata vidole. Alijiambia kitufe kiko kwenye alama, haitaganda. Akatoka, akampa Nsajigwa ufunguo, akarudi kukaa na wanaume.

Soda zikanywewa. Wakwe wa Dar walisema hata mjini hawajanywa kitu cha baridi namna hiyo.

Matanga yalipokwisha walimsukumia gari lake hadi nyumbani. Hezroni alifungua friji kabla ya kufungua kitu kingine. Kitufe kilikuwa palepale penye rangi nyekundu. Betri zilikuwa zimechoka na friji ilikuwa imejizima, lakini ndani bado palikuwa na ubaridi na chupa zilikuwa nzima, dawa yake nyeupe kama maji ya mchele, kama ilivyo siku zote. Akazirudisha mbele. Akamwambia mkewe, "Unaona? Ulikuwa unahangaika bure."

Siku chache baadaye Tusekile alianza kunywa maji.

Alikunywa mtungi, akaamka akanywa mwingine. Alichoma sindano kama kawaida, kipimo kilekile, na bado mdomo wake ulikauka mpaka ulimi ukashika. Hezroni alipomwona anajikongoja kutoka chooni hofu ilimshika, na yeye hofu ikimshika hugeuka hasira.

"Ulikunywa soda kule msibani."

"Sikunywa."

"Tusekile, wageni wote wale, soda zile, hukuonja hata moja?"

"Mimi najua kilichomuua mama yangu, nitakunywa soda?" Macho yake yalijaa. "Dawa haifanyi kazi, Baba Kisa. Naisikia. Ni kama najichoma maji."

"Dawa ni nzima. Mimi ndiye ninayeitunza."

Alimwongezea kipimo. Haikusaidia. Mvua za Machi zilikuwa zimeshaanza, na mvua za Kyela hazinyeshi, zinamwagwa. Mto ukapanda, njia ya Ipinda ikafunikwa, na gari pekee lililokuwepo karibu lilikuwa lile lisilo na injini. Tusekile alianza kutapika. Pumzi yake ilinukia ndizi mbivu. Hezroni alimfunga kwa kanga kwenye baiskeli, yeye akisukuma, wanaume wawili wakishika huku na huku, Nsajigwa mmoja wao, maji magotini. Walipomuuliza anaumwa nini, Hezroni alisema malaria.

Sista Veronika aliwapokea. Hospitali dawa ya sukari ilikuwa imekwisha. Akaomba zile chupa walizokuja nazo, akaziinua dirishani, lakini nje kulikuwa na giza la mvua na dawa yenyewe ni ya rangi ya maziwa.

"Hezroni, niangalie. Hizi chupa ziliganda?"

"Hapana, sista."

"Una hakika? Zikiwa ziliganda, huyu ninamchoma maji. Nitafute nyingine sasa hivi, hata kwa kumsimamisha mtu barabarani."

"Mimi ni fundi, sista. Kitufe nimekitia alama kwa mkono wangu. Hazijaganda."

Sista akaamini, angefanyaje? Akamchoma, akangoja, akamchoma tena. Kesho yake asubuhi, alipoona hakuna mabadiliko, ndipo akatuma ujumbe Mbeya. Tusekile alikuwa ameshaacha kujibu. Alivuta pumzi ndefu ndefu kama mtu anayepanda mlima, na kabla ya jua kufika kichwani akaacha kupanda.

Hezroni hakulia pale hospitali. Alilia njiani, akiwa na mikono kwenye usukani wa baiskeli, akalia kwa sauti bila kujali ni nani anasikia.

Watu walijaa nyumbani kwake. Wanaume walimkalisha kwenye mkeka na Nsajigwa akakaa ubavuni kwake, kama inavyompasa jirani. Alimshika bega, akatafuta neno la kumfariji, na alilopata ni hili.

"Kaka, wema wako kwenye msiba wa baba sitausahau. Wale wakwe mpaka leo wanazungumzia soda zile. Kwanza zilikuwa za uvuguvugu tu. Nikaona kitufe, nikakizungusha hadi mwisho, mchana kutwa, jua lile lote. Zile za nyuma ziligeuka mawe, mbili zikapasuka chupa. Lakini nilikuwa nimeona alama yako nyekundu. Kitu cha mtu ukikiazima unakirudisha ulivyokikuta. Jioni nikakirudisha palepale."

Hezroni alikuwa akiiona mikono yake mwenyewe ikisukuma kifurushi cha kanga nyuma kabisa, na vidole vyake vilihisi ile baridi upya. Alikumbuka sauti ya mkewe, naisikia, ni kama najichoma maji. Alikumbuka alivyomjibu. Alitaka kuinuka amkabe Nsajigwa, lakini Nsajigwa alikuwa amefanya nini? Alikuwa ametia soda kwenye friji aliyopewa ufunguo wake.

Makaburini ilifika zamu ya historia ya marehemu. Mzee wa kanisa alisoma alipozaliwa, alipobatizwa, miaka aliyoimba kwaya, akamalizia na yale maneno yanayomaliza kila kitu siku hizi, kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kisa, aliyeletwa kutoka shuleni, alikuwa amesimama na sare yake, macho yamevimba. Hezroni akamwona. Akasogea mbele.

"Hakuugua muda mfupi," alisema. "Mke wangu alikuwa na sukari. Tangu nilipomwoa. Alikuwa akichoma sindano kila siku, na tuliwaficha, mimi ndiye niliyetaka tufiche. Dawa yake ilikuwa kwenye friji ya gari. Niliisogeza kwenye barafu kwa mikono yangu, watu wasiione. Ikaganda. Muuguzi aliniuliza nikamwambia haikuganda. Mimi ndiye niliyemuua."

Jina la Nsajigwa hakulitaja. Watu wote walitazama chini, kwa adabu kubwa, kama wanavyotazama chini mtu nguo yake inapomdondoka. Kisha nyuma, katikati ya wanawake, mmoja alinong'ona, na kila mtu alisikia.

"Siku hizi wote wanakufa kwa sukari."

"Mwache," mwingine alimnyamazisha. "Ana uchungu."

Kwaya ikaanza wimbo haraka haraka. Walipomaliza kufukia, Nsajigwa alimfuata Hezroni, akamvuta kando ya watu, akashusha sauti. Uso wake ulikuwa umejaa huruma ya kweli.

"Kaka, hukuwa na haja ya kujitesa vile mbele za watu. Sisi tulikuwa tunajua. Tangu alipoanza kukonda, miaka ile ya mwanzo, Mwaya nzima ilijua ana nini. Tukasema ni jirani yetu, tumfichie. Hata siku ya soda wote tulijua, na tulikunywa za friji yenu bila kinyaa." Akamwangalia kwa upole. "Na wewe ukapime, kaka. Una binti wa kusomesha."

Akanyoosha mkono. Hezroni akaushika, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.